Barua Mbili Nilizosoma Vibaya

Tawa,
Jumapili jioni

Mumbua wangu,

Baba yako yuko uani anafunga sanduku lako kwa kamba, na ninamsikia akibishana na shangazi yako kama linataka kamba mbili au tatu. Nimewaachia hilo. Shangazi ameshakueleza habari za sabuni na soksi na namna ya kuficha sukari bwenini, na mchungaji amekuombea mbele ya kanisa zima mpaka ukaona haya. Mimi nimebaki na jambo moja ambalo hakuna mwingine wa kukuambia, kwa sababu aliyelitenda ni mimi.

Kesho unakwenda kusomea uuguzi. Utafundishwa Kiingereza cha madaktari, na ukishamaliza, kila siku atakuwepo mtu amesimama mbele yako na karatasi mkononi akikuuliza, "Sista, hapa wameandika nini?" Mimi niliulizwa swali hilo nikiwa na miaka ishirini. Nikajibu haraka.

Maishani nimesoma vibaya barua mbili ambazo ziliumiza watu. Ya pili unaijua, maana ilikuwa yako. Ya kwanza sijawahi kukusimulia, na hata baba yako anaijua nusu.

Kabla sijaolewa huku, nilifundisha Nuu, ng'ambo ya Mwingi. Sikuwa nimesomea ualimu. Nilikuwa nimefika kidato cha pili, na siku zile kidato cha pili kilitosha kukufanya mwalimu, hasa mahali pakavu na pa mbali ambapo waliohitimu hawakutaka kupelekwa. Nilipewa chumba katika boma la mama mmoja mjane ambaye nilimwita Mwaitu, kama sisi Wakamba tunavyowaita mama zetu. Alikuwa ameishi Voi miaka mingi, mumewe akifanya kazi ya reli, na alipenda kunisemesha Kiswahili ili asikisahau.

Mwanawe, Mutemi, alikaa katika boma hilo hilo na watoto watatu. Mkewe, Kavata, hakuwepo. Alikuwa amepelekwa hospitali ya kifua, mbali, upande wa Nairobi, zaidi ya mwaka mmoja kabla mimi sijafika. Sikuwa nimewahi kumwona. Mtoto wa mwisho, Mwende, ambaye hakuwa amefika miaka minne, naye alikuwa amemsahau sura. Ukimuuliza mama yako yuko wapi, alikuonyesha barabara.

Jumanne moja Mutemi alikuja shuleni wakati wa mapumziko, kofia mkononi. Barua ilikuwa imefika dukani. Ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa taipu, na sahihi ya daktari Mzungu chini yake. Mutemi alikuwa mtu mrefu, mkimya, na siku ile alinishikia barua kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto.

"Mwalimu," alisema, "nisomee."

Ilikuwa na mistari minne tu, bado naikumbuka neno kwa neno. Mstari wa kwanza ulisema, "You will have had my last letter." Wa pili, "You must have given up hope of seeing her home again." Wa tatu ulianza kwa "I dare say", ukataja mipango mingine ya watoto. Wa nne ulianza kwa "I take it", ukataja kumchukua Ijumaa.

Sasa wewe, na Kiingereza chako kilichokunyookea, pengine umeshaelewa alichomaanisha daktari. Mimi nilijua maneno yote yale moja moja. "Must" nilikuwa nimeifundisha wiki ile ile: you must wash your hands, ni lazima unawe mikono. Nikamsomea Mutemi hivi: "Utapata barua yangu ya mwisho. Ni lazima ukate tamaa ya kumwona tena nyumbani. Fanya mipango mingine ya watoto. Ijumaa uje umchukue."

Hakulia. Aliuliza, "Ijumaa hii?"

Nikasema ndiyo.

Niseme jambo linaloniuma zaidi. Mwalimu mkuu, Mwalimu Kilonzo, alikuwa chumba cha pili, na ukuta wenyewe haukufika darini. Kiingereza chake kilikuwa kikubwa kuliko changu. Ningemwita tu. Lakini wiki moja kabla nilikuwa nimeandika "childrens" ubaoni, akaingia, akaifuta ile s kwa kidole mbele ya darasa la saba bila kusema neno, na watoto wakacheka. Sikutaka anifute tena. Na kuna kitu kimoja kwenye barua ile ambacho kilinikwaruza, lile "have given" baada ya "must". Niliona kwamba halikai sawa na nilivyosoma. Nikalipita.

Mutemi alinirudishia barua. "Ikae kwako, mwalimu," alisema. "Sitaki ilale nyumba moja na watoto."

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo. Jumatano vijana wa kanisa walichimba kaburi nyuma ya boma, na ardhi ya Nuu unajua ilivyo, walichimba kwa mtaimbo kutwa nzima. Shangazi wa watoto, dada yake Mutemi aliyeolewa Kwa Vonza, alikuwa amekuja kutembea, naye akaamua kumchukua Mwende siku hiyo hiyo kwa sababu daktari mwenyewe amesema watoto wafanyiwe mipango. Nilisimama pale nikimtazama Mwende akivishwa viatu vya dada yake. Mipango ile ilikuwa imetoka kinywani mwangu. Alhamisi alfajiri Mutemi, ndugu yake na mzee wa kanisa waliondoka na lori la mwenye duka, wakibeba jeneza.

Alhamisi hiyo nilirudi kutoka shule nimechoka kama mtu aliyelima. Uani walikaa akina mama wa kanisa. Mwaitu alikuwa ametandika mkeka, hajala tangu Jumanne, macho yamemvimba, na bado aliponiona alisogea akanipa nafasi.

"Kaa, mwalimu," alisema kwa Kiswahili chake cha Voi. "Lazima umechoka."

Nikakaa. Akanimiminia uji. Nikanywa funda moja, ndipo lile neno likanirudia. Lazima umechoka. Mwaitu hakuwa ameniamuru nichoke. Hakujua hata kama nimechoka. Aliniona natoka kazini na jua kali, akakisia, akaita kisio chake lazima. Sisi wenyewe tunasema hivyo kila siku, Mumbua. Mgeni akichelewa tunasema lazima amelala njiani, na hakuna anayemlazimisha alale.

Niliweka kikombe chini, nikaenda kutoa ile barua, nikakimbia mpaka nyumbani kwa Mwalimu Kilonzo. Nilimkuta akiziba pancha ya baiskeli.

"Mwalimu, naomba unisomee hii."

Aliisoma amesimama. Akaisoma tena, polepole.

"Hii ndiyo barua ya Mutemi?"

"Ndiyo."

"Na ni nani alimwambia mkewe amekufa?"

"Ni mimi."

Alifuta mikono kwa kitambaa. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

"Hapa hakuna mahali amesema amekufa," alisema. "Anamwambia Mutemi, lazima ulikuwa umeshakata tamaa. Ulikuwa. Na hapa, nadhani mlishapanga mambo mengine ya watoto. Na hapa mwisho, nachukulia kwamba Ijumaa utakuja kumchukua."

"Mbona hakusema tu kwamba amepona?"

"Kwa sababu anaamini alishasema. Si ameandika hapa mwanzo? Mtakuwa mmeipata barua yangu iliyopita. Mliipata?"

Hatukuwa tumeipata. Mpaka leo haijafika.

Mwalimu Kilonzo akakaa juu ya gogo. "Nilifanya kazi kwa Wazungu miaka sita kabla ya kufundisha," alisema. "Nikwambie. Mzungu akijua jambo, analiandika tupu. Mvua imenyesha. Ng'ombe amekufa. Ukiona ameanza kuweka 'must have', na 'no doubt', na 'of course', hapo hajui. Anakisia. Lakini kuandika 'nakisia' kunampunguzia heshima, kwa hiyo anakivalisha kisio chake koti na tai, kipite mlangoni kama mtu mwenye hakika."

"Kwa hiyo yuko hai," nikasema. "Niende nikawaambie yuko hai."

"Sasa wewe nawe usivae koti," alisema. "Hilo pia halikuandikwa hapa. Mimi naona yuko hai. Lakini ukimwambia yule mama yuko hai, kisha lori lirudi na maiti, utakuwa umemfiwisha mara mbili."

Lori lilikuwa limeondoka asubuhi. Simu haikuwepo. Nilirudi kwa miguu, na njia ile sijawahi kuiona ndefu namna hiyo. Nilifikiri kunyamaza. Nikwambie ukweli, nilifikiria sana kunyamaza. Jumamosi ingefika, lori lingerudi, na akiwa hai wangesema daktari alikosea. Hakuna ambaye angejua isipokuwa Kilonzo, naye hakuwa mtu wa maneno. Lakini nikakumbuka Mwende anavyoonyesha barabara.

Nilimwita Mwaitu kando, mbali na wale akina mama. Alikataa kwenda kando. "Sema hapa," alisema. Nikasema hapo hapo, mbele ya wote.

"Mwaitu, barua niliisoma vibaya. Daktari hakusema Kavata amekufa. Nilikosea, na nilikuwa na mtu wa kuuliza, nikaona aibu kumuuliza."

Mama mmoja alishika mdomo.

"Kwa hiyo mke wa mwanangu yuko hai?" Mwaitu aliuliza.

"Sijui, Mwaitu. Barua haisemi. Mimi nafikiri yuko hai. Mwalimu Kilonzo naye anafikiri hivyo."

"Mnafikiri."

"Tunafikiri tu."

Nilikuwa tayari kwa tusi lolote. Yeye akavuta kile kikombe cha uji nilichokiacha, akakinywa chote, cha kwanza tangu Jumanne. "Basi na mimi nitafikiri," alisema. Akawaambia akina mama waendelee kukaa, kwa sababu kama ni kilio wako tayari, na kama si kilio watapika.

Lori lilirudi Jumamosi alasiri. Tulilisikia likipanda kilima, na hakuna aliyesimama, maana kila mtu aliogopa kuwa wa kwanza kuona. Lilisimama. Mzee wa kanisa alishuka kutoka nyuma akiwa amekumbatia kitabu cha nyimbo, na uso wake haukuonyesha kitu. Kisha mlango wa mbele ukafunguka, akashuka mwanamke mnene, amevaa gauni la maua na viatu vya turubai, ameshika kifurushi. Alipoona umati akasema, "Kuna nini hapa? Nani amekufa?"

Mumbua, nimefurahi mara nyingi maishani. Nilifurahi ulipozaliwa, na ulipopita mtihani. Lakini sijawahi tena kupata nafuu kama ile. Nilikaa chini kwenye vumbi nikiwa na sketi yangu ya kufundishia, nikalia mpaka watoto wangu wa darasa la tatu wakaja kunitazama.

Mutemi alitusimulia baadaye. Walifika hospitali Ijumaa mchana, akamwambia bawabu kwamba amekuja kumchukua mkewe, na bawabu akamwonyesha benchi. Mutemi akadhani anaambiwa akae angoje. Akaenda kukaa. Yule mwanamke aliyekuwa upande wa pili wa benchi akamwambia, "Mbona mmechelewa? Nimekaa hapa tangu asubuhi." Alikuwa amenenepa hata mumewe hakumtambua.

Jeneza lilirudi nalo. Seremala aliyelitengeneza alikataa kulichukua, na mzee wa kanisa akataka lichomwe. Kavata aliligonga kwa vidole akasema mbao kama hizo haziwezi kuchomwa, akamfanya seremala huyo huyo aligeuze kabati la vyombo. Kaburi lilifukiwa jioni ile ile. Mwaitu alisimama pembeni akiwaambia vijana washindilie vizuri.

Lakini Kavata alipotazama watoto aliona wawili. "Mwende yuko wapi?" Wote wakanigeukia. Jumatatu nilikwenda Kwa Vonza mimi mwenyewe kumrudisha. Shangazi yake, ambaye hakuwa na mtoto wa kike, alikuwa ameshamshonea nguo mpya. Alinikabidhi Mwende akiwa ameivaa, akaingia ndani bila kuniaga. Huyo sijui kama alinisamehe. Si kila kitu kilirudi mahali pake.

Kavata mwenyewe nilimwogopa wiki nzima. Siku moja akaja mlangoni kwangu na kiondo cha pojo.

"Ni wewe uliniua?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Kwa karatasi tu?"

"Kwa karatasi tu."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Basi utanifundisha kusoma," alisema. "Sitaki mtu aniue tena hivyo bila mimi mwenyewe kuona."

Nikamfundisha, jioni tatu kila wiki, kwa mwaka mzima na zaidi. Alikuwa mgumu wa kukubali. Kila neno alitaka kujua nani amesema na amejuaje. Sijawahi kupata mwanafunzi bora.

Ungedhani baada ya hayo nilipona kabisa. Sasa nije kwa barua yako.

Ulikuwa kidato cha tatu nilipoikuta ndani ya kitabu chako cha jiografia. Ya Kiingereza, kutoka kwa kijana wa shule ya wavulana. "Of course you remember our talk," aliandika, bila shaka unakumbuka maongezi yetu. "I take it that you feel as I do." Nachukulia kwamba nawe una moyo kama wangu. Mimi, mwalimu wa Nuu, niliyekaa mavumbini kwa sababu ya maneno hayo hayo, niliyasoma nikaona ushahidi. Ulisimama hapo jikoni ukaniambia, "Mama, sijawahi kumjibu. Hata maongezi anayosema siyajui." Nikakuambia sitadanganywa na mtoto niliyemzaa. Nikakukataza safari ya kwaya ya Machakos, na ulikuwa umeshapewa wimbo wa kuanzisha peke yako. Siku ile kwaya ilipoondoka ulifua nguo za nyumba nzima, hata zilizo safi.

Mwezi mmoja baadaye kijana mmoja mwembamba alinisimamisha nje ya kanisa. "Samahani, mama," alisema. "Mumbua huwa anapata barua zangu? Nimeandika tano na hajanijibu hata moja." Nikamuuliza yale maongezi yalikuwa yapi. Akasema siku moja kwenye mashindano ya mdahalo ulimwambia, "Samahani, nipishe nipite."

Nilirudi nyumbani nikakupikia chapati. Haikuwa Krismasi, wala hatukuwa na mgeni. Ulikula ukinitazama tu. Sikukuambia kitu, kwa sababu mzazi anaona akisema "nilikosea" nyumba itaanguka. Leo nakuambia zile chapati zilikuwa za nini. Ulisema kweli, nami sikukuamini. Nisamehe, Mumbua. Ningekuambia kwa mdomo, lakini nimejaribu tangu Ijumaa na kila mara nimeishia kukuuliza kama umepakia sweta.

Sikuandikii haya ili ukienda huko umkatalie kila daktari. Wengi wao watajua kuliko wewe na mimi. Ninachotaka ujue ni kile kitu kidogo kinachokukwaruza unaposoma, kama lile "have given" lilivyonikwaruza. Kikikukwaruza, simama hapo. Mwambie mgonjwa, "Ngoja nikaulize." Atakungojea. Watu wa kwetu wanajua kungoja. Na kama kuna mtu alikufuta s mbele ya darasa, nenda umuulize yeye yule. Mwalimu Kilonzo alinisaidia kuliko mtu yeyote Nuu, na nilipoteza siku mbili nzima nikimwogopa.

Na siku ambayo utakosea, maana utakosea, usingoje lori lirudi. Nenda ukaseme kabla.

Kavata na mimi bado tunaandikiana. Kila mwaka mvua za vuli zikishatulia napata barua yake kutoka Nuu, kwa Kiswahili, herufi kubwa kubwa, na mstari wa kwanza ni ule ule kila mwaka: "Mimi Kavata niko hai." Halafu ndipo anakuja kwenye mbuzi, na wajukuu, na Mwende ambaye sasa ana duka lake la nguo. Hachukulii kwamba nimeshasikia. Hasemi bila shaka unajua. Anaandika lenyewe tupu, juu kabisa, mahali ambapo hata mjinga hawezi kulipita.

Wewe nawe ukifika niandikie hivyo. Usifikiri kwamba kondakta atakuwa ametuambia, au kwamba mama yako lazima anajua. Andika kwamba umefika, na unaumwa au huumwi, na unalia usiku au hulii. Mengine yafuate.

Mimi ni mama yako. Nilikukosea, na ninakupenda. Hayo mawili sikisii.

Mama